Mshauri wa VA akikataa, uamuzi wake unaweza kupitiwa

Kaka, umesema mshauri wa VR&E, ule mpango wa VA (idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani) wa mafunzo ya kazi kwa maveterani wenye ulemavu, amempigia shemeji yako simu kwamba hastahili, ukauliza kama kuna wa kumkagua. Yupo. Kwanza shemeji adai barua yenye sababu na maelezo ya haki ya rufaa. Asikubali neno la simu.

Wengi huchanganya hapa. Ulemavu wa asilimia 10 uliotokana na utumishi jeshini humpa mtu nafasi ya kutathminiwa tu. Mafunzo yenyewe huamuliwa na mshauri: kwa mwenye asilimia 20 au zaidi, lazima ionekane kwamba ulemavu unamkwamisha kupata kazi au kudumu nayo, kwa mwenye 10, kikwazo lazima kiwe kikubwa. Hukumu hiyo ni ya mtu mmoja, kwa hiyo barua isomwe kwa makini sana. Je, mshauri alipima kweli kazi ambazo shemeji anaziweza, au aliandika tu kwamba shemeji ana digrii?

Shemeji akiona kasoro, ana mwaka 1 tangu tarehe ya barua kuomba mapitio ya afisa wa ngazi ya juu, ambako ushahidi mpya haupokelewi, au kwenda Bodi ya Rufaa za Maveterani. Akiwa na ushahidi mpya, awasilishe dai la nyongeza. Mkaguzi Mkuu wa VA huchunguza mfumo, hageuzi uamuzi wa mtu mmoja.

Vyama vya maveterani vina wawakilishi walioidhinishwa wanaosaidia bure. Amtafute mmoja wiki hii.