Lowell Mason alifundisha bure kwanza

Umeuliza ni nani aliyeingiza somo la muziki katika shule za umma Marekani. Ni Lowell Mason, mzaliwa wa Medfield, Massachusetts, 1792. Ujanani alikuwa mtu wa benki huko Savannah, huku akiongoza kwaya kanisani. Alihamia Boston mwaka 1827, na 1833 yeye na wenzake wakaanzisha Chuo cha Muziki cha Boston.

Kinachonigusa hasa ni hiki: kamati ya shule za Boston ilipokubali wafanye majaribio ya kufundisha muziki shuleni, fedha hazikutolewa. Mason hakusubiri. Mwaka wa masomo wa 1837 hadi 1838 alifundisha bila mshahara Shule ya Hawes, South Boston. Agosti 1838 watoto wale waliimba hadharani, na mwezi huohuo kamati ikaufanya muziki kuwa somo rasmi.

Mbinu yake aliijenga juu ya mawazo ya Pestalozzi, mwanaelimu wa Uswisi: mtoto asikie sauti na kuiimba kwanza, alama za noti zije baadaye. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko hata nyimbo zote za kanisani alizotunga.