Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Mteknolojia wa Upasuaji Marekani na Masharti ya Majimbo

Barua kadhaa zimetufikia kutoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani, au wenye jamaa huko, kuhusu kazi ya mteknolojia wa upasuaji. Huyu ndiye anayeandaa meza ya vifaa katika chumba cha upasuaji, anayemkabidhi daktari kisu, koleo na sindano kwa wakati wake, na anayehakikisha kwamba kilichotakaswa hakiguswi na kisichotakaswa. Kila jimbo lina utaratibu wake, kwa hiyo tumezijibu barua hizi moja moja.

Pokea salamu zangu, Mhariri. Nina diploma ya teknolojia ya chumba cha upasuaji niliyoipata Kenya, na nilifanya kazi katika hospitali ya kaunti kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia Houston. Kwa sasa ninawahudumia wazee katika makao yao. Hospitali mbili zimenijibu kwamba sina sifa, ilhali binamu yangu aliyeko Seattle anasema kwao hawadai cheti cha taifa. Je, ni leseni gani ya Texas ninayopaswa kuiomba? – Dada yenu, Houston, Texas

Dada yetu, Texas haitoi leseni ya kazi hii, na jambo hili huwachanganya wengi waliozoea utaratibu wa nyumbani, ambako mtu husajiliwa na baraza la taaluma yake kwanza ndipo atafute mwajiri. Sheria ya Texas, iliyopitishwa mwaka 2009, inamfunga mwajiri: hospitali na vituo vya upasuaji vimekatazwa kuajiri mteknolojia asiyetimiza masharti yaliyotajwa. Masharti makuu ni mawili, na yote mawili yanatakiwa kwa pamoja: awe amemaliza programu ya mafunzo yenye ithibati, na awe na cheti cha taifa ambacho anakihuisha kila muda wake unapokwisha. Sheria inavikubali vyeti viwili, yaani CST inayotolewa na bodi ya NBSTSA yenye makao yake Littleton, Colorado, na TS-C inayotolewa na kituo cha NCCT. Waliopata mafunzo haya katika jeshi la Marekani wana mlango wao, na waliokuwa tayari kazini sheria ilipoanza waliachwa waendelee.

Diploma yako haiingii katika fungu lolote kati ya hayo, na sitaki kukupa matumaini ambayo sheria haiyatoi. Mtihani wa CST unafunguliwa kwa wahitimu wa programu zilizothibitishwa na CAAHEP au ABHES, ambazo ni taasisi za Marekani zinazokagua mafunzo ya afya. Utawasikia wengine wakikushauri uende NCCT kwa sababu taasisi hiyo humpokea pia mwombaji mwenye uzoefu wa kazi. Ushauri huo una ukweli nusu: hata ukikipata cheti hicho kwa njia ya uzoefu, sheria ya Texas bado inaidai ile programu yenye ithibati, na mwajiri wako ndiye atakayeulizwa.

Binamu yako hakukosea kuhusu jimbo la Washington. Huko mteknolojia hujisajili kwa Idara ya Afya ya jimbo kabla ya kuanza kazi, na cheti cha taifa si sharti la usajili huo. Hata hivyo, sheria ikinyamaza, hospitali zenyewe hazinyamazi. Nyingi huandika sharti la cheti katika matangazo yao ya kazi. Kwa hiyo ningekushauri usifungashe mizigo kwa sababu hiyo peke yake.

Njia ninayoiona kuwa ya hakika ni chuo cha jamii chenye programu iliyothibitishwa, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Peleka matokeo yako ya Kenya kwa wakala wa kutathmini elimu ya nje anayekubaliwa na chuo hicho, na uombe wakusamehe masomo ya msingi kama anatomia na lugha. Masomo ya vitendo wasipokusamehe, usisononeke, kwa kuwa utakuwa na faida kubwa darasani. Mtu aliyewahi kusimama mezani anajua kwamba upasuaji huanza baada ya hesabu: mteknolojia na muuguzi wanahesabu shashi kwa sauti, wote wawili wakizitazama, moja moja, kabla ya ngozi kukatwa, wanahesabu tena kabla ya tumbo kufungwa, na tena ngozi inaposhonwa. Shashi kubwa huja tano tano na ndogo kumi kumi, kila moja ikiwa na uzi unaoonekana katika picha ya eksirei. Kifurushi kikipungua au kuzidi hata kwa moja, hakijazwi wala kupunguzwa, bali hutengwa chote kabla mgonjwa hajaguswa. Haya unayajua kwa mikono yako, ilhali mwanafunzi mwenzako atayajifunza upya.

Wakati unasoma, fikiria kazi katika idara ya utakasaji wa vifaa. Cheti chake cha CRCST hudai saa 400 za kazi kwa vitendo, na anayekishika huzifahamu trei za vifaa hata akifumba macho. Angalia tu kwamba kazi hiyo nayo ina sheria zake katika baadhi ya majimbo, zikiwemo New York na New Jersey.

Jambo la mwisho kwako: sheria ya Texas inairuhusu hospitali kumwajiri asiyetimiza masharti ikiwa imetafuta kwa bidii ikakosa watu wa kutosha, na ikaiweka juhudi hiyo katika maandishi. Hospitali za miji midogo ndizo zinazoweza kujikuta katika hali hiyo. Si kosa kuuliza, lakini kazi iliyopatikana kwa mwanya huo haihamishiki nawe kwenda hospitali nyingine.

Mimi ni kijana kutoka Bukavu na ninaishi Columbus, Ohio. Chuo kimoja cha binafsi kimenipa fomu ya kujiunga na kozi ya teknolojia ya upasuaji. Wanasema chuo chao kina ithibati, nitapewa cheti mwishoni, na Ohio haina sheria inayodai zaidi ya hapo. Ada ni kubwa na nitalazimika kukopa. Je, nitie saini? – Msomaji, Columbus

Ndugu yetu, usitie saini kabla hujaona majibu ya maswali matatu kwa maandishi. Haitoshi kuambiwa kwa mdomo na mtu wa ofisi ya usajili, kwa sababu yeye kazi yake ni kujaza darasa.

Kwanza, ithibati wanayoitaja ni ya chuo au ya programu? Chuo kizima kinaweza kuwa na ithibati halali kabisa inayokiruhusu kupokea wanafunzi wenye mikopo ya serikali, huku programu ya teknolojia ya upasuaji haijawahi kukaguliwa na CAAHEP wala ABHES. Mhitimu wa programu ya namna hiyo hapokelewi kwenye mtihani wa CST. Taasisi hizo mbili zimeweka orodha za programu zao kwenye tovuti, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Tafuta jina la chuo, mji na programu yenyewe, kwa sababu chuo chenye matawi kinaweza kuwa na ithibati katika tawi moja na kuikosa katika jingine.

Pili, cheti watakachokupa mwishoni ni cha kumaliza kozi, wala hakichukui nafasi ya cheti cha taifa. CST hupatikana kwa mtihani wa maswali 175, ambapo 150 ndiyo yanayohesabiwa na 25 yaliyobaki ni ya majaribio, nawe hutajua ni yapi. Uliza ni wanafunzi wangapi wa mwaka uliopita walioufanya mtihani huo na wangapi waliofaulu. Programu yenye ithibati inapaswa kuwa na takwimu hizo tayari. Ikisitasita kukupa, hilo nalo ni jibu.

Tatu, utafanyia wapi mazoezi? Mtaala wa kitaifa unamtaka mwanafunzi ashiriki katika upasuaji usiopungua 120, ambapo 30 ni wa jumla na 90 ni wa fani maalumu, na kati ya hizo zote 80 awe katika nafasi ya kwanza mezani. Nafasi ya kwanza ina maana yake: ahakiki vifaa, apange eneo lililotakaswa, afanye hesabu, amkabidhi daktari vifaa, na adumishe usafi huo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukisimama pembeni ukatazama, upasuaji huo hauhesabiwi kuwa wako. Chuo kisicho na mkataba na hospitali zenye upasuaji wa kutosha kitakuacha ukisubiri miezi, na deni halisubiri.

Kuhusu Ohio, ni kweli jimbo hilo halijazilazimisha hospitali kama lilivyofanya Texas. Lakini ukweli huo unatumiwa vibaya na wanaouza kozi. Jirani zako wa Indiana wana sheria tangu mwaka 2009, na Pennsylvania nayo ilijiunga baadaye. Kijana wa umri wako hajui mwaka ujao kazi au ndoa itampeleka wapi, na kunyimwa mtihani kwa sababu ya kozi uliyoilipia kwa mkopo ni hasara ambayo nimewaona watu wakiibeba kwa miaka mingi. Inanisikitisha kila ninapoisikia, kwa kuwa dakika kumi za kusoma orodha zingeizuia.

Mwanangu ana cheti cha CST na anafanya kazi Virginia. Sasa amepata kazi New York, na mwenzake anamwambia afikirie Colorado. Je, atalazimika kufanya mtihani upya? – Mama, Mombasa

Shikamoo, Mama. Mtihani hatarudia, maadamu cheti chake hakijaisha muda. CST ni ya taifa zima na huhuishwa kila baada ya miaka miwili kwa saa 30 za mafunzo endelevu. Kinachobaki nyuma ni karatasi ya jimbo. Kwa Virginia, kazi hii iko chini ya Bodi ya Tiba ya jimbo, na kibali cha bodi hiyo hakitambuliwi kwingine. Wauguzi wana mkataba wa majimbo unaowawezesha kufanya kazi katika majimbo mengi kwa leseni moja, ila wateknolojia wa upasuaji hawana.

New York, ambayo sheria yake ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2015, haina daftari la kujisajili. Hospitali ndiyo itakayohakiki programu aliyosoma na cheti chake. Abebe nakala rasmi za vyote viwili, kwa sababu uhakiki ndio unaochelewesha wengi kuanza kazi.

Colorado ni tofauti. Huko usajili wa jimbo ni wa lazima, na chimbuko lake ni tukio la kuumiza. Mwaka 2009 iligundulika kwamba mteknolojia mmoja mjini Denver alikuwa akiiba dawa kali ya maumivu, anajidunga, kisha anarudisha sindano zilizojazwa maji ya chumvi, na wagonjwa wakaambukizwa homa ya ini aina ya C. Mwaka uliofuata jimbo lilitunga sheria ya usajili ili mtu aliyefukuzwa hospitali moja kwa makosa ya dawa asiweze kuhamia nyingine kimyakimya. Mwanao akienda huko ataulizwa historia yake ya kazi, na inafaa ajibu kila swali kwa ukamilifu.

Mimi ni muuguzi aliyesajiliwa New Jersey na nimeombwa kushika nafasi ya mteknolojia mezani. Je, nahitaji CST? – Msomaji, Newark

Kwa kawaida huhitaji. Sheria hizi humwacha mwenye leseni ya taaluma nyingine ya afya afanye kazi iliyo ndani ya mipaka ya leseni yake, na kusimama mezani kumo ndani ya kazi za muuguzi wa chumba cha upasuaji. Hospitali itakachopaswa kukuonyesha ni maelezo ya kazi yaliyoandikwa na utaratibu wake wa kupima umahiri wako kabla hujaachwa mezani bila msimamizi.