Ukitishiwa, usitoke kituoni bila RB (namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi)

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kaniandikia: mzazi mwenzake anamtishia, amekwenda polisi wamemwambia hayo ni ya nyumbani. "Si kazi yao kunilinda?" Nilisoma mkono ukitetemeka.

Nami ilikuwa msimu wa korosho. Malipo ya mnada yameingia benki, mwanaume aliyenitelekeza na watoto akarudi kudai mgawo. Nilipokataa, akatuma ujumbe: "Hizo hela utazila kaburini." Nikaenda kituoni. Askari wa zamu akausoma, akanirudishia simu. "Mama, huyo ana hasira tu. Akikugusa, njoo." Nikashukuru, nikaondoka. Nilishukuru! Usiku wa tatu akavunja mlango kwa shoka. Mkono wangu wa kushoto hadi leo haubebi ndoo. Niliporudi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hapakuwa na mstari hata mmoja kuonyesha kwamba niliwahi kufika pale. Kesi ilikwenda, akafungwa.

Nikaanza kusoma sheria. Ibara ya 14 ya Katiba yetu ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 5, inawapa polisi kazi ya kulinda amani na kuzuia uhalifu. Ni ulinzi wa wote. Mlango wangu haukutajwa. Marekani, Jessica Gonzales alikuwa hata na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe. Mwaka 1999 aliwasihi polisi wa Castle Rock tena na tena usiku wamtafute mumewe aliyewachukua mabinti zao watatu; mabinti wakakutwa wameuawa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikasema, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba Katiba yao haikumpa haki ya kudai polisi waitekeleze amri ile.

Kwa hiyo, dada, usiende kuomba huruma. Sema unaripoti kosa: kutishia kumdhuru mtu kumo katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Dai RB, andika jina la askari aliyekupokea. Wakikataa, nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, siku hiyohiyo. Ujumbe usiufute. Na RB, narudia, RB! Sisi wa Kusini tumefundwa unyagoni kusitiri ya ndani, lakini shoka mlangoni halisitiriwi, na anayekuambia uvumilie hatakubebea ndoo.

Dada wa Nachingwea anarudi kituoni kesho asubuhi. Nimemwambia anitumie namba ya RB kabla hajapanda bodaboda ya kurudi nyumbani.