Breki za mbele za kwadi hazishiki: usikimbilie diski kwanza

Mkuu, umesema kwadi yako (pikipiki ya magurudumu manne) ya cc 90 ukibana breki ya mbele mpaka mkono wa breki unagusa usukani, magurudumu bado yanazunguka, na sasa unataka kung'oa dramu (ile ngoma inayozunguka na gurudumu na kusuguliwa kwa ndani) uweke diski (sahani inayobanwa pande mbili). Subiri kidogo. Nilipita humo humo, tena nilishaanza kusaka vipuri, kumbe dramu zenyewe hazikuwa na kosa.

Mwambie mtu abane breki huku wewe umeshika ganda la nje la waya wa breki. Likijikunja, ujue nguvu ya vidole inaishia hapo, haifiki kwenye shuu, vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani. La kwangu lilikuwa linacheza kama nyoka. Nikafunga nyaya mpya mbili, nikazipitisha pasipo kona kali, kisha nikakata usukani mpaka mwisho pande zote kuona kama hazivutwi.

Halafu tazama kile kimkono kinachovutwa na waya pale kwenye dramu. Shuu zinapoanza kugusa, kimkono na waya vikaribie nyuzi 90. Hapo ndipo uvutaji una nguvu kuliko pengine popote. Changu kilishapita mbali, maana kila breki ilipolegea mimi nilikaza nati tu. Shuu zikiwa bado nene, chomoa kimkono ukirudishe jino moja kwenye meno ya shafti yake. Zikiwa zimekwisha, badilisha. Ukihamisha meno kwenye shuu zilizolika, kamu (chuma kinachozunguka na kusukuma shuu) inaweza kupitiliza na breki ikanasa, nawe uko kwenye mteremko.

Ukifungua dramu usipulize vumbi, huenda lina asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi. Shuu zangu zilikuwa zinang'aa kama kioo, nikazisugua kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao ukaisha. Kisha nikazipaka chaki, nikarudisha dramu na kuizungusha huku nikibana kidogo. Chaki ilifutika kwenye ncha tu! Yaani sehemu kubwa ya shuu haikuwa inafanya kazi yoyote. Nikasugua pale palipofutika, nikapaka tena, nikajaribu tena, mara tatu au nne. Inachosha, lakini hiyo ndiyo iliyobadilisha breki zangu kuliko hata nyaya mpya. Kipimo cha mwisho cha kulika kwa dramu huwa kimechongwa kwenye dramu yenyewe. Ikipita hapo, chaki haitakusaidia. Grisi ni kwenye kamu tu, tena kiduchu.

Mwisho inua mbele, bana polepole huku ukizungusha magurudumu. Moja likitangulia kushika, usukani utavuta upande huo, kwa hiyo rekebisha nati mpaka yashike pamoja.

Diski nazikubali kama unapita sana kwenye maji na tope, kwa sababu dramu ikilowa inateleza mpaka ikauke. Ila utahitaji habu (kitovu cha gurudumu), kalipa (kinachobana diski) na masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) inayolingana nazo. Masta ikiwa nene mno, mkono wa breki unakuwa mgumu kama jiwe. Ikiwa nyembamba mno, unarudi kule kule kwenye kugusa usukani.