Alimtazama mlezi wake kwanza

Kosa langu lilikuwa kumuuliza mbele ya mlezi wake. Mtoto wa jirani, miaka 5, amefungwa bandeji miguu yote miwili. "Umefanya nini, mwanangu?" Alimtazama mlezi kwanza, ndipo akasema, "Nilijimwagia maji ya moto." Nikampa pole, nikarudi kwangu.

Siku chache baadaye nilimkuta akibadilishwa bandeji. Ameungua hadi juu kidogo ya vifundo, miguu yote sawasawa, kama aliyevaa soksi. Muuguzi niliyemsimulia ndiye aliyenifumbua macho: maji yakimwagika huruka na kutiririka, huacha madoa yasiyo na mpangilio. Mstari ulionyooka vile hutia shaka kwamba miguu ilizamishwa na kushikiliwa.

Tangu hapo hutazama jeraha liko wapi. Mtoto anayecheza huumia magoti, miundi, paji la uso. Michubuko ya masikioni, shingoni, tumboni au mapajani kwa ndani inataka maelezo, na kichanga asiyeanza hata kutambaa ni nadra kuvilia damu, kwa hiyo achunguzwe. Mengine hayaonekani kwenye ngozi: aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, au anaogopa kubaki na mtu fulani. Dalili moja si ushahidi wa ukatili, lakini kuthibitisha si kazi yako. Mimi hapo ndipo nilipokwama wiki nzima, nikitafuta uhakika, naye analala nyumba ileile. Bado inaniuma.

Mtoto akikueleza, msikilize bila kumtajia majina wala kumhoji kama askari. Usimwahidi kuficha siri. Andika maneno yake alivyoyasema, pamoja na tarehe. Usimkabili unayemshuku, atakayeadhibiwa ni mtoto. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au polisi. Kenya, Tanzania na Uganda kuna namba ya bure, 116.

Akiwa amebakwa au kulawitiwa, kimbilia hospitali. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari, nguo zisifuliwe. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora.

Nilipotoa taarifa, afisa alifika, akamtoa yule mtoto nje, wakakaa chini wawili tu. Safari hii hakuwa na mtu wa kumtazama kabla ya kujibu. Walizungumza muda mrefu.