Mkianza kazi ya ustawi wa jamii: kesi zinazoanzia kanisani na msikitini

Wadogo zangu mnaoripoti kwenye kata mwaka huu, mama ambaye binti yake amebakwa mara nyingi haanzii kwenu. Huanzia kwa mchungaji au kwa shehe, ndiko alikozoea kupeleka mzigo. Msimlaumu. Ila saa zinahesabika, maana dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72.

Mwaka wangu wa kwanza wazee wa kanisa waliniomba niwaachie jambo la binti wa miaka 14 mpaka Jumapili, waliombee kwanza. Ilikuwa Alhamisi. Nikakubali. Binti alipofika hospitali muda ulishapita, na upande wa mtuhumiwa ulishaleta fedha za kuyamaliza. Wakubwa walikuwa wanamhimiza asamehe. Kosa lile ni langu, na bado linaniuma.

Kwa hiyo mkisikia “tuyamalize kifamilia”, “saba mara sabini” (agizo la Yesu la kusamehe) au “sitara” (kusitiri aibu ya mtu), simameni hapo. Shehe mmoja alinifafanulia kwamba sitara ni ya dhambi ya mtu na Mola wake, dhuluma aliyotendewa mwingine haimo. Maneno hayo yakitoka kwake yana uzito kuliko yakitoka kwa mtumishi wa halmashauri, na ndiyo maana nawasihi msigombane na dini. Ingieni ndani yake. Someni 2 Samweli 13 pamoja na akina mama wa jumuiya. Tamari, binti wa mfalme Daudi, alikataa kwa maneno, akatoa hoja, akabakwa na Amnoni, ndugu yake wa baba. Baadaye hakujificha: alitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda akilia kwa sauti. Aliyemwambia anyamaze ni Absalomu, kaka yake. Daudi, baba mtu, alikasirika sana, basi. Ulizeni tu, “Hapa kwetu Daudi ni nani?” kisha nyamazeni. Nimeona bibi wa miaka sabini na zaidi akisema lililompata usichanani mwake, mara ya kwanza maishani.

Kwa Waislamu ipo hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, ya mwanamke aliyebakwa akiwa njiani kwenda kuswali. Mtume alimwambia aende, Mwenyezi Mungu amemsamehe. Hakuulizwa alivaa nini.

Akituhumiwa kiongozi wa dini mwenyewe, msitetereke. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamtaja waziwazi kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kubaka. Kuhamishiwa usharika mwingine hakufuti jinai.

Kabla hamjapata kesi hata moja, zungukieni misikiti na makanisa yote ya kata. Bandikeni namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, mkubaliane kwamba akiletwa mtoto aliyeumizwa, safari ya kwanza ni Dawati la Jinsia la polisi na hospitali, dua na maombi yafanyike njiani. Shehe yule wa sitara siku hizi hunipigia akiwa tayari kwenye bajaji, mtoto na mama yake wamekaa nyuma.