Kabla hujalipia nyumba, mlipe mtu aikague

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepata nyumba Kigamboni karibu na bahari, bei nzuri, muuzaji anataka hela Ijumaa. Kuna haja gani ya kumlipa injinia wakati mwenyewe nimeshaiona mara 2?" Nilimjibu kwa kirefu. Jibu naliweka hapa kwa sababu najua wengi wenu mnadunduliza kama nilivyodunduliza mimi, na mnatafuta nyumba ya kuhamia moja kwa moja bila kuanza kusumbuana na mafundi kiwanjani.

Yangu ya kwanza niliinunua Goba mwaka 2016. Niliiona mara 3. Vigae vinang'aa, dari ya jipsamu, rangi mpya inanukia bado. Harufu ile ndiyo ilipaswa kunishtua. Usiku dalali akanipigia kwamba kesho kuna mama anakuja na fedha taslimu, nami asubuhi nikalipa. Masika ya kwanza hayajaisha, kuta za vyumba vya nyuma zikatoa chumvi kutoka chini hadi usawa wa goti, rangi ikawa inabanduka yenyewe. Chemba ikafurika. Mwezi wa 5 dari ya sebuleni ikashuka. Fundi aliyepanda juu aliteremka na kipande cha mbao ya kenchi, akakivunja kwa vidole mbele ya mke wangu. Mchwa. Mke wangu hakusema neno, akaenda kukunja nguo. Matengenezo yalikula milioni 19, na ndani yake ulikuwamo mtaji wa duka lake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi mwezi uliopita, tulipopata nyumba Madale, nilimtafuta mhandisi wa majengo kabla hata ya kutaja bei. Nilihakikisha kwanza kwamba amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kwamba hajuani na dalali. Tulielewana shilingi 450,000.

Alifika saa 2 asubuhi na ngazi, tochi, pimamaji na kifaa cha kupimia unyevu ukutani. Nilidhani ataingia ndani. Alizunguka nje karibu saa nzima, akitazama ardhi inateremkia wapi na maji ya paa yanaangukia wapi. Halafu nyufa. Ule mwembamba kama unywele, alinieleza, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka. Wa kuogopa ni ule wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kupasua hadi tofali, kwa sababu huenda msingi unatitia upande mmoja. Nyuma ya jiko tulikuta mmoja wa namna hiyo. Muuzaji alikuwa ameuziba na kuupaka rangi.

Akapanda darini, akachoma mbao moja moja kwa bisibisi. Akafungua kisanduku cha umeme: waya wa kuupeleka umeme ardhini haukuunganishwa popote, na bafuni kuna hita ya maji ambayo watoto wangu wangekuwa wanaogea! Mwisho akafungua mabomba yote kwa pamoja, akavuta maji ya vyoo vyote, akaenda kusimama kwenye chemba kuona maji yanavyopita. Saa 4 na nusu kwa jumla. Mimi katika nyumba ya Goba, ziara zote 3 hazikufika saa moja.

Ripoti ilikuja baada ya siku 3, kurasa 22 na picha. Ya hatari yamewekwa peke yake, ya kurekebisha ndani ya mwaka peke yake. Usitegemee akwambie nunua au acha. Nilimuuliza mara 3, akakataa. Wala habomoi ukuta, kwa hiyo bomba lililozikwa ndani hawezi kuliona. Hati na mipaka pia si kazi yake: hati inahakikiwa kwa Msajili wa Hati, bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, anazithibitisha mpima ardhi. Na yule anayetumwa na benki ni mthamini, anatafuta bei. Watu wanalichanganya hili kila siku, kisha wanasema nyumba yao "ilishakaguliwa".

Muuzaji aliposoma ukurasa wa umeme na wa ule ufa, alishusha milioni 11. Nasema kwa fahari: safari hii mke wangu ndiye aliyeshika ripoti na kuzungumza bei.

Ndugu zangu, tuache haraka. Novemba 2024 tuliona ghorofa likiporomoka Kariakoo na watu wamo ndani. Huwezi kununua shati bila kuligeuza uone mishono, halafu jasho la miaka 10 ukalikabidhi kwa kuangalia rangi. Muuzaji akikataa mtu asipande darini, chukua funguo za gari lako uondoke.

Huyu wa Kigamboni nilimwambia injinia aanze na nguzo za baraza na lenta, ile mihimili ya zege inayopita juu ya milango na madirisha. Upepo wa bahari una chumvi, na wapo wanaochanganyia zege mchanga wa pwani. Chumvi ikifika kwenye nondo inazitia kutu, nondo zinavimba na kupasua zege kutoka ndani. Atafute michirizi ya rangi ya kutu, na zege ambalo likigongwa linalia kama lina uwazi ndani.

Ijumaa imepita. Jana amenijulisha kwamba injinia anakwenda Jumanne, na muuzaji amekubali kusubiri.